Mikono

Boti hii ni ya mkono wa pili,
ndivyo alivyoniambia yule muuzaji wa Butiaba
akihesabu noti zangu kwa kidole alichokilamba.
Uringi, fundi wa injini hapa Panyimur,
aliinama, akanusa tangi, akacheka:
"Mhasibu, mkono wa pili? Hii imeshikwa na kijiji kizima."

Kiinua mgongo cha miaka thelathini na mmoja
ya kupokea karo za watoto wa watu
ndicho kilichoinunua, na tazama,
tangu nilipokitoa sijainua mgongo.
Asubuhi nimeinamia msasa,
jioni nimeinamia plagi.

Injini ina farasi ishirini na tano. Uringi asema
kumi na wawili wamekufa, waliobaki wanakohoa.
Tulifungua skrubu ya chini, oili ya gia
ikatoka nyeupe, chai ya maziwa kabisa:
maji yamepata njia, sili imechoka.
Impela ya pampu ilibaki na mbawa tatu kati ya sita.
Kabureta tuliilaza kwenye petroli usiku kucha
ndani ya sufuria ambayo Giramia
ameniambia nisiirudishe jikoni kamwe.

Injini mwaloni wanaielewa. Wanachoshangaa ni mbao.
Ukingo wote, na kifuniko cha kabati la nyuma,
ni mvule, na vanishi yake ya zamani
inabambuka kama maganda ya kitunguu.
"Utapakia ragoge au bibi harusi?"
aliniuliza mwanamke mmoja, beseni kichwani.
Sikuwa na jibu. Niliendelea kukwangua,
nikiufuata mkondo wa mbao, nisiukate,
msasa namba themanini, kisha mia na ishirini,
kisha ule laini usiosikika ila kwa kidole.

Mkono wa kwanza wa vanishi, mwepesi, nusu tapentaini.
Mkono wa pili: mbao ikaanza kuwa na kina,
chai ya rangi ndani ya glasi.
Mkono wa tatu niliupaka saa kumi jioni, upepo umelala,
nikajiona stadi.
Ndipo visubi wakanyanyuka ziwani upande wa Wanseko,
moshi usio na moto,
wakaja moja kwa moja kana kwamba nimewatumia kadi.
Niliwafukuza kwa gazeti, kwa shati, kwa matusi ya Kialuri
ambayo mhasibu wa shule ya kanisa hapaswi kuyajua.
Walizama na miguu yao yote.

Kesho yake, msasa.

Kifuniko nilikigeuza mwisho, upande wa chini,
ambako Giramia alisema hakuna jicho litakalofika.
Chini ya uchafu, penseli ya seremala:

17
26
9
mstari, halafu 51.

Nilikaa kitako.
Miaka thelathini na mmoja, hakuna tarakimu iliyonipita
ikiwa imevaa kiatu cha mwenzake.
Hamsini na mbili, nikasema kwa sauti.
Hamsini na mbili, bwana.
Misumari? Shilingi? Nikachukua futi,
nikaupima ukingo wa kushoto, na kule nyuma
nikakuta kiraka cha mvule, upana wake inchi moja,
kimeungwa kwa unadhifu wa mtu anayeomba radhi.
Nilikuwa nimekipitia kwa msasa mara nne
bila kukiona.

Penseli yangu ilikuwa sikioni. Ikabaki sikioni.
Nilikoroga vanishi polepole, isitoe mapovu,
nikapaka juu ya hesabu, mkono wa kwanza,
na siku zilizofuata mikono mingine,
hata ile moja iliyopotea ikawa inang'aa.

Upande wa majini Uringi anavuta kamba.
Mara ya tano injini inakohoa, inasema neno moja,
inanyamaza.
"Mhasibu! Lete ile plagi nyingine.
Na usije na mikono ya vanishi."